Peasi la Shingo na Peasi la Duara

Pale ghalani walikuwapo dada wawili, mtu na mdogo wake, na wachukuzi waliwaita Ulimi na Kidole. Majina yao ya kweli yalibaki kwenye vitambulisho tu.

Ulimi alikuwa mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuonja. Alikaa kwenye kigoda kando ya dirisha, mbele ya meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha plastiki, na kisu chake chenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Kila shehena iliyoingia alikata tunda moja, akalila polepole akiangalia nje, kisha akasema neno. Akisema "Twende," maboksi yalipita kwa wateja. Akisema "Rudi," yalirudi yalikotoka, hata kama dereva angepiga magoti.

Kidole alikuwa mdogo, na kazi yake ilikuwa chumba cha kuivishia, nyuma ya chumba cha baridi. Mapeasi ya shingo yaliingia humo magumu kama mawe ya mtoni, kwa sababu tunda hilo haliachwi liive mtini. Likiivia huko, nyama yake hugeuka uji wenye mchanga. Huchumwa bichi, hutulizwa kwenye baridi, halafu huletwa kwenye joto kidogo liivie ndani ya boksi. Kidole alipita kati ya rafu akibonyeza kila tunda kwa dole gumba la mkono wa kulia. Hakubonyeza tumboni, alibonyeza juu, karibu na kikonyo. Peasi la shingo huanza kuiva moyoni likaja nje, kwa hiyo ukingoja tumbo lilegee, ndani kumeshakuwa kahawia. Shingo haidanganyi.

"Hili la Alhamisi," alisema peke yake, akiliweka kushoto. "Hili la Jumapili."

Na Jumapili ikifika, tunda lilikuwa tayari.

"Kidole, nibonyeze na mimi shingoni," mchukuzi mmoja alizoea kumtania, "uniambie nitaoa siku gani."

"Wewe umeshapitiliza, baba. Wewe wa jamu."

Mapeasi ya duara hayakupita chumbani kwake. Yalikuja msimu wake, kila moja limevalishwa kijisoksi cha sponji, kwa sababu ganda lake gumu la kahawia, lenye vidoa kama limenyunyiziwa vumbi, linaficha nyama inayochubuka kwa kuguswa tu. Hayo huivia mtini. Siku yanapochumwa yameshamaliza safari. Hakuna cha kungoja wala cha kubonyeza: liwe jipya, liwe la mwezi uliopita, ugumu wake kwa nje ni ule ule.

Ndugu hao walibishana juu ya matunda hayo tangu walipoanza kazi, na ubishi wenyewe ulikuwa kama kiti cha tatu kati yao. Kidole alisema la duara ni tofaa lililopotea njia, maji yaliyovaa koti. Ulimi alisema la shingo ni tunda la watu wasio na meno na wasio na shughuli.

"Tunda gani unaliomba miadi?" alisema Ulimi. "Leo bado, kesho bado, keshokutwa limeoza. Mimi nataka ninaposikia hamu, nikate, nile."

"Hamu ya sasa hivi ni ya watoto."

"Haya, bibi. Endelea kukesha na shingo zako."

Ulimi aliugua msimu wa shingo ulipokuwa unaisha, na hakukaa sana kitandani. Alipozikwa, Kidole alisimama kaburini mikono ikiwa imeshikana mbele, akaitikia pole za watu mmoja mmoja. Hakulia. Shangazi yao alimwangalia siku nzima, kisha akamwambia jirani kwa sauti isiyo ndogo vya kutosha, "Huyu amemeza jiwe." Kidole alisikia, akaona maneno hayo ni ya kweli, akaenda kuosha vikombe.

Kidole aliporudi kazini, msimamizi wa ghala, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alimshika begani akampeleka hadi kwenye kigoda. "Kaa hapa kwa sasa," alisema. "Chumba cha kuivishia atakishika yule dada wa kubandika lebo." Kidole akakaa. Kigoda kiliinamia upande wa kushoto, upande ambao Ulimi aliegemea dirisha.

Jambo ambalo msimamizi hakulijua ni kwamba Kidole hakuwa akisikia ladha ya kitu chochote. Wala harufu.

Haikuwa kwamba chakula kilikuwa kibaya. Kilikuwa hakipo. Mkate ulikuwa kitu laini, chai ilikuwa kitu cha moto, chumvi ilikuwa punje. Daktari alimwangalia puani na mdomoni kwa tochi, akamuuliza kama alipata homa. Aliipata. Akamuuliza kama alipatwa na msiba. Alipatwa. Daktari akasema huenda ni hili, huenda ni lile, na dawa ya yote mawili ni kungoja. Kidole akamshukuru, akachukua mkoba wake. Kungoja alikujua, ilikuwa kazi yake.

Pale mezani alijikaza kisabuni. Mapeasi ya mwisho ya shingo aliyabonyeza kwanza chini ya kitambaa, akajua hali yake, halafu akakata, akatafuna akiangalia dirishani, na kutoa maneno ya dada yake ambayo alikuwa ameyasikia kupitia ukutani miaka yote: "Asali mwanzoni, ndimu mwishoni. Twende." Hakuna aliyeshuku. Msimamizi alisema ni kama Ulimi amerudi. Kidole alitabasamu kwa midomo tu, kwa sababu midomo bado ilimtii.

Lakini msimu wa duara ulikuwa unakuja.

"Wiki ijayo yanaingia," msimamizi alimwambia asubuhi moja, akifuta miwani kwa ncha ya blauzi. "Tutafanya siku ya kuonjesha kama kila mwaka. Mwaka huu nataka yote mawili mezani, la shingo na la duara, bega kwa bega. Wateja wengi la duara hawalijui, wanaogopa kununua kitu wasichojua kukila. Utawaeleza, utawakatia. Ukimaliza siku hiyo, kiti nakiandika jina lako, tuache habari za kwa sasa."

"Na nisipoweza?"

"Usiweze vipi? Si mmetoka tumbo moja?" Akacheka, kisha akaona Kidole hacheki. "Usipoweza nitatafuta mtu mwingine, mwenzangu. Ghala haliwezi kukaa bila ulimi. Lakini sitaki mtu mwingine."

Kidole naye hakutaka mtu mwingine. Hilo peke yake ndilo alilokuwa na uhakika nalo. Alipojiuliza kwa nini, aliwaza tu kwamba mtu mwingine akikaa pale, cha kwanza atakachofanya ni kukinyoosha kile kigoda.

Jioni hiyo alianza mazoezi. Alibeba nyumbani mapeasi ya shingo ambayo hayakulegea vizuri, ambayo ndiyo mazuri ya kupika kwa sababu hayamomonyoki. Akayamenya akiacha vikonyo, akayasimamisha kwenye sufuria yenye maji, sukari, mdalasini na karafuu, kama alivyofanya dada yake, akawasha moto mdogo. Kisha akakaa kwenye kiti akalipa jiko mgongo, akaanza kunong'ona maneno ya siku ya kuonjesha, moja moja, kama mtoto anayekariri.

"Hodi!" Sauti ilitoka uani. "Hodi jamani! Mna watu humo ndani, au mna moto peke yake?"

Alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mtu mnene mwenye kofia nyeupe aliyoisahau kichwani kila jioni. Chumba chake na cha Kidole vilitazamana uani, na tangu msiba alikuja kula kwa shemeji yake kila siku bila mtu kumwalika na bila mtu kumzuia. Aliingia akipepea kwa mikono miwili, akakimbilia jiko, akanyanyua sufuria kwa pindo la shati. Chini mapeasi yalikuwa yameshikana na sukari, meusi kama lami.

"Shemeji! Nyumba imejaa moshi, macho yananitoka, na wewe umekaa kama umo kwenye picha!"

Kidole aligeuka, akatazama moshi. Kweli ulikuwapo. Ulikuwa umeshuka hadi usawa wa meza.

"Sikuuona," alisema. "Nimeupa mgongo."

"Moshi huonwa? Moshi hunuswa! Wewe ulinifukuza jikoni mwangu mwenyewe kwa sababu maharage yalishika chini kidogo tu. Kidogo! Na harufu uliisikia ukiwa ng'ambo ya ua." Akaiweka sufuria chini, akachota kijiko cha ile lami, akampa. "Onja."

Kidole akala. Kiliparuza. Akameza.

"Vipi?"

"Tamu."

Shemeji alivuta kiti, akakaa, akavua kofia. "Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Jumapili ile."

Hakuhitaji kumwambia Jumapili ipi. Lakini lipo jambo ambalo shemeji hakulijua, na kwa kuwa amemuuliza, Kidole alimweleza, kwa sauti ile ile ambayo angemweleza mtu njia ya kwenda posta.

Ulimi alipokuwa hospitali, alimtuma mdogo wake tunda. Alitaka la duara, la baridi. "Niletee la kutafuna," alisema, "mdomo umenikauka." Ghalani ya duara yalikuwapo, machache ya mwisho ya msimu uliopita, chumba cha baridi, rafu ya chini. Kidole aliyaona. Akawaza kwamba mgonjwa atashindwa kutafuna, na la shingo lingefaa zaidi, laini, la kulambwa kwa kijiko. Basi mkono wake ukaenda kwenye rafu ya shingo na kufanya kazi yake ya kila siku: ukabonyeza, ukapima, ukachagua. Hakufikiri. Akamletea dada yake tunda zuri kuliko yote, na tunda lenyewe lilikuwa la Jumapili.

"Alilishika," Kidole alisema, "akalibonyeza shingoni. Akanitazama. Akasema, 'Wewe bwana. Hili la lini?' Nikamwambia la Jumapili. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema haya, liweke dirishani, tutaliona."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ulimi alifariki Ijumaa.

"Nilichukua vitu vyake, nikachukua na tunda. Jumapili tulipotoka makaburini nilikuja hapa nikalibonyeza. Lilikuwa limeiva. Sawasawa kabisa, shemeji, sijawahi kupatia vile. Nikalikata nikala. Halikuwa na ladha yoyote. Nikadhani nimekosea hesabu."

Shemeji aliizungusha kofia yake mikononi.

"Na wiki ijayo unaonjesha," alisema mwishoni.

"Wiki ijayo naonjesha."

"Basi mimi nitakuwa ulimi wako. Shule yangu ni mteja, nitakuwapo pale. Wewe fanya sura, mimi nitafanya kazi ya mdomo. Mdomo ninao, unauona." Akajipiga tumbo. "Nitaiba kipande kabla yako, wapishi tunajulikana kwa wizi. Nikipangusa kofia, zuri. Nikishika sikio, baya. Tumeelewana?"

Kidole akafikiri. "Na maneno?"

"Maneno nitakufundisha."

Mafunzo hayo yalikuwa kituko. Kila jioni shemeji alileta mapeasi ya aina zote mbili, na lile la duara, salio la msimu uliopita, alilileta kutoka kwenye friji ya shule, limefungwa kitambaa kibichi, kwa sababu marehemu alikuwa akisema la duara la vuguvugu ni maji ya kuoshea vyombo. Akang'ata, akafumba macho.

"Haya, niambie," alisema Kidole.

"Tamu."

"Tamu vipi?"

"Tamu… tamu."

"Na hili la shingo?"

"Hilo nalo tamu. Lakini tamu ya kulala. Lile lingine tamu ya kuamka."

"Shemeji, umeishi na Ulimi miaka yote hiyo, na neno umeondoka nalo hilo moja?"

"Yeye ndiye alikuwa anasema," alijibu shemeji. "Mimi nilikuwa nasikiliza."

Hata hivyo, kwa kuvutana huko, wakapata maneno. La shingo lina harufu kabla ya ladha; linanukia kama waridi lililosahauliwa chumbani. Linayeyuka, halina haja ya meno, linashuka na kuacha mafuta kwenye kaakaa. La duara halinukii sana. Ukiling'ata linapasuka, na maji hutangulia, utamu hufuata nyuma, mwepesi, na huondoka haraka. Kidole aliyashika maneno hayo kichwani kama mtu anayeshika nyadhifa za watu wasiomhusu.

Siku ya kuonjesha ghala lilifagiliwa mapema. Wateja walisimama kuzunguka meza: mpishi wa hoteli aliyekunja mikono, mama wa juisi na kitambaa chake begani, wenye maduka, na nyuma yao kofia nyeupe ya shemeji. Msimamizi alisimama mkono wa kulia wa Kidole. Utaratibu wa nyumba hiyo ulikuwa ule ule wa siku zote: kila boksi jipya muonjaji hula kwanza, hutoa neno, na kabla ya neno hilo sahani hazisogei.

La shingo lilikwenda vizuri. Kidole alibonyeza, akakata kwa urefu, akala, akasema, "Twende," na sahani zikatembea. Akawaeleza wasiliweke kwenye friji likiwa bado gumu, waliache kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, kisha likilegea shingoni waliweke baridi au walile siku hiyo. Lililoiva sawasawa huliwa kwa kijiko, au na kipande cha jibini. Lililo gumu kidogo ni la kupika na mdalasini.

"Na lililopitiliza?" aliuliza mama wa juisi.

"Jamu."

"Kama mume wangu," alisema mama wa juisi, na watu wakacheka. Hata mpishi wa hoteli akakunjua mikono.

Yakaja ya duara, boksi la mkulima wa zamani. Kidole aliona mkono wa shemeji ukipita kwenye ubao wa kukatia, kipande kikapotea, kofia ikapanguswa. Akala. Baridi, mpasuko, maji. "Twende." Akawaambia wamenye ganda, kwa sababu linakwaruza ulimi, wakate vipande vya upana wa kidole, waache sehemu ya katikati kwa kuwa ina uchachu. Liliwe likiwa baridi, lenyewe, au na ndimu na chembe ya chumvi. Ukilikwaruza, maji yake yanalainisha nyama ya ng'ombe kabla ya kuchomwa. Ukilichemsha na tangawizi linatuliza koo, wala halimomonyoki haraka kama lenzake.

"Sasa lipi bora?" aliuliza mpishi wa hoteli. "Tuambie wewe mwenyewe."

"Inategemea una muda gani," alisema Kidole. Hilo halikuwa neno la Ulimi wala la shemeji. Lilitoka tu.

Kisha msimamizi akasukuma mbele boksi jingine. Lilitoka kwa mkulima mpya, na hoteli ilitaka kuchukua mapeasi yake ya duara kwa msimu mzima, ikiwa meza itasema ndiyo. Kidole akachukua moja. Lilikuwa gumu, kama yote. Dole gumba lake likatembea juu yake lisipate mahali pa kuuliza. Akamenya, akakata. Mkono wa shemeji ukapita. Kidole akaweka kipande chake mdomoni akatafuna, akiangalia dirishani kwanza, kama ilivyo desturi, kisha akainua macho kutafuta kofia.

Shemeji hakuwa amepangusa kofia. Wala hakuwa ameshika sikio. Alikuwa amesimama na kile kipande shavuni, hatafuni, mikono imening'inia, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kidevu mbele ya watu wote. Mwenye duka mmoja alimsogelea kumuuliza kama amejing'ata.

Kidole alimtazama. Alielewa kwamba shemeji amekutana na kitu ndani ya lile tunda. Kiwe kizuri au kibaya, alikuwa amekutana nacho. Na yeye alikuwa na kipande cha tunda hilo hilo mdomoni, kilikuwa baridi, kilikuwa na maji, na basi.

Meza yote ilimngoja. Mpishi wa hoteli alikuwa ameshika sahani. Kusema "Twende" kulikuwa rahisi. Midomo ilikuwa tayari, na uwezekano mkubwa tunda lilikuwa zuri tu. Hata kusema "Rudi" kulikuwa rahisi. Kidole aliyapima maneno hayo mawili, akaona yana uzito mmoja. Kesho lingekuja boksi jingine, na keshokutwa jingine, na kofia ile isingekuwapo.

Akameza.

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?" aliuliza msimamizi.

"Sijui kama ni zuri. Sisikii ladha. Nimekaa hapa tangu msiba na sijasikia ladha ya kitu hata kimoja." Akakifuta kisu kwa kitambaa, pande zote mbili, akakilaza mezani mpini ukimwelekea msimamizi. "Onja wewe."

Msimamizi alivaa miwani, kana kwamba ladha inasomwa, akachukua kipande, akala. Akakitafuna mpaka mwisho.

"Zuri," alisema taratibu. "Zuri sana. Mwenzangu, si ungesema tu? Neno moja tu lilibaki."

"Ningesema," alikubali Kidole.

Msimamizi alimtazama kwa muda, akashusha miwani. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mtu wa kuzungushazungusha. "Kidole chako je? Bado kinafanya kazi?"

"Bado."

"Basi rudi ndani. Dada wa lebo aje akae hapa."

Ikawa hivyo. Dada wa lebo alikuja akijifuta mikono kwenye aproni, ameona haya, akamwomba Kidole radhi bila sababu. Alipokaa kigoda kikayumba. Akainama, akakunja kipande cha karatasi ya boksi, akakichomeka chini ya mguu. Kigoda kikanyooka. Kidole aliona yote hayo, akangoja kitu kimuume, hakikumuuma, akaingia chumba cha kuivishia. Kule ndani kulikuwa na joto kidogo na giza kidogo. Akaanza rafu ya kwanza. La Jumanne. La Jumanne. La Alhamisi.

Jioni shemeji hakupiga hodi. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi mpaka Kidole alipomwambia aingie.

"Nimekuangusha, shemeji," alisema. "Nilikuwa tayari kabisa. Mkono ulikuwa njiani kwenda kichwani, nakuapia. Halafu likapasuka mdomoni. Dada yako alikuwa anakula hilo tunda kitandani, unajua? Nalala, nasikia kra, kra, sikioni. Nalalamika. Mwanamke, hilo ni tunda au ni changarawe? Mengine yote yalipita tu, lakini hili la leo limepasuka vile vile, nikasahau mikono yangu iko wapi."

"Hujaniangusha. Kaa ule."

"Kiti kimekwenda."

"Kimekwenda."

Shemeji akakaa. Walikula maharage, ambayo safari hii yalitazamwa na watu wawili. Alipomaliza, akapapasa mfukoni mwa koti lake kubwa la kazi, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa kibichi. Lilikuwa la duara, lingali na kijisoksi chake, jasho la baridi limelivaa.

"Nimelipitisha kwenye friji ya shule," alisema. "Sikujua nililete au nisililete. Kama hutaki leo, liweke. Haya hayaharibiki haraka. Tunaweza kulila Jumapili."

Mkono wa Kidole ulikuwa umeshaenda kulipokea, na dole gumba limeshapanda juu, karibu na kikonyo, kwa mazoea. Akaliondoa.

"Hapana," alisema. "Lete kisu."

Alimenya kwa mzunguko mmoja, ganda likaanguka kwenye sahani likiwa halijakatika. Akakata vipande vya upana wa kidole, akaacha katikati. Maji yalimshuka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Shemeji alichukua kipande chake, wakatafuna wote wawili, na sauti ya kutafuna ilijaa chumba kama watu wanaotembea juu ya kokoto.

"Vipi?" shemeji aliuliza, akijaribu kutouliza.

Kidole akasikiliza ulimi wake. Hakukuwa na kitu.

"Hamna," alisema. "Endelea kula."

Alichukua kipande kingine, kikubwa zaidi, akakisukuma mpaka nyuma ya mdomo. Baridi yake ikapenya kwenye jino moja la mwisho, lile lililokuwa na tundu ambalo dada yake alimsumbua miaka mingi akalizibe, na jino likaanza kuuma. Liliuma kweli, likapanda mpaka chini ya jicho. Kidole aliweka mkono shavuni, akafunga mdomo, akaliacha liume.